Mwili katika Mizani ya Mtihani

Katika shule za sekondari za Tanzania elimu ya viungo ni somo lenye mtihani. Mwanafunzi anayelisoma hufundishwa mifupa na misuli ya mwili, sheria za michezo, huduma ya kwanza na taratibu za mazoezi. Na afikapo kidato cha nne hutahiniwa kwa nadharia na kwa vitendo. Juu ya nadharia hatuna shaka, kwani jibu lililoandikwa husahihishwa kama majibu mengine. Lakini juu ya vitendo lipo swali la haki ambalo twapenda kulichungua: tunapompa kijana alama kwa kukimbia au kuruka kwake, twampa alama hiyo kwa ajili ya nini hasa?

Wako wasemao kwamba mwili usitahiniwe kabisa, kwa kuwa michezo ni furaha, na furaha ikitiwa katika mizani huharibika. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini wanaoilipia gharama ni wanafunzi. Kila aliyepita shuleni ajua ya kwamba kipindi kisicho na mtihani ndicho cha kwanza kuporwa: hesabu zikichelewa, au mgeni akitazamiwa, au nyasi zikihitaji kufyekwa, saa ya viungo huchukuliwa pasipo kuombwa. Mtihani, basi, ni mlinzi wa somo. Hudai mwalimu aliyesomea kazi yake, kiwanja, na muda.

Tena, kuliondoa somo hili katika mitihani ni kama kukiri kwamba akili peke yake ndiyo mtu, na mwili ni punda wa kuibeba. Wazee wetu hawakuona hivyo. Katika jando na unyago, katika ngoma na mieleka, kijana alifundishwa mzima mzima, na jamii ilimtazama na kumpima. Usukumani hata kilimo kilikwenda kwa ngoma, majembe yakifuata mdundo mmoja.

Hivyo mtihani na uwepo. Ugumu waanza tunapouliza upime nini. Tuwafikirie vijana wawili wanaoingia kidato cha kwanza pamoja. Mmoja ana miguu mirefu na pumzi ndefu, na tangu utotoni alikimbia kwenda shule na kurudi. Wa pili ni msichana mfupi, ambaye kila jioni kaka zake walipokwenda uwanjani yeye alikwenda kisimani. Baada ya miaka minne, huenda yule wa kwanza hakujifunza kitu, lakini saa inampendelea. Na huenda wa pili alijifunza kila alichofundishwa, lakini saa inamweka nyuma. Mtahini akiisikiliza saa peke yake, atakuwa ametoa alama kwa maumbile na malezi, si kwa elimu.

Mtu ataweza kutujibu kwamba hata hesabu zina watu wenye vipaji. Ni kweli. Lakini mwalimu hodari aweza kumfikisha mwanafunzi wa kawaida kwenye jibu lile lile sahihi la mwenye kipaji. Hakuna mwalimu awezaye kumrefusha mtu mfupa. Hatuilaumu saa. Mwaka 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuweka rekodi ya dunia, saa ilikuwa hakimu wa haki, kwa sababu yale yalikuwa mashindano. Mashindano hutafuta aliye mbele ya wenzake. Mtihani wa shule hutafuta aliyejifunza.

Wengine watasema: basi tupime moyo. Nao watatukumbusha tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alipoanguka na kuumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa mwisho kati ya wote 57 waliomaliza. Ni nani atakayethubutu kumpa mtu huyo alama ya chini?

Nasi twamheshimu kama wao. Lakini hakuna aliyemwahidi Akhwari alama. Uvumilivu wake ulikuwa na thamani kwa sababu haukuwa na malipo. Siku tutakapotangaza kuwa uvumilivu una alama 20, wako watakaojifunza kuchechemea. Taifa letu limewahi kujaribu kuipima tabia: baada ya Azimio la Musoma la 1974, aliyetaka kuingia Chuo Kikuu alihitaji kufanya kazi kwanza na kupata mapendekezo juu ya mwenendo wake. Nia ilikuwa njema, lakini kila tabia inapohitaji cheti, mnafiki naye hukitafuta.

Kwa hiyo twaona kwamba haki imo katikati. Vitendo vitahiniwe katika yale yanayofundishika: namna ya kupokezana kijiti, kuruka na kutua bila kujiumiza, kupasha mwili moto, kupanga mazoezi, kumwongoza mwenzake. Mwenye ulemavu apewe zoezi linaloufaa mwili wake, wala asisamehewe kwa huruma, kwa maana kumsamehe ni kumtoa darasani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978 ulitamka kuwa elimu ya viungo ni haki ya kila mtu. Na shule isiyo na kiwanja isihesabiwe kuwa wanafunzi wake ni wavivu.

Alama ya kidato cha nne hufungua mlango wa masomo ya juu, au huufunga. Kijana anayefungiwa mlango ana haki ya kuambiwa ni kitu gani alichofundishwa akashindwa kujifunza. Mtahini asiyeweza kumjibu, na aiweke chini kalamu yake.