Mzee Bacon Alipopanda Ubao

Mwezi Oktoba mwaka 2002, mzee wa miaka 92 alifika kwenye uwanja wa LOVE Park, katikati ya jiji la Philadelphia nchini Marekani, akavaa kofia ngumu na kupanda skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne. Vijana wawili walimshika mikono, mmoja kulia na mwingine kushoto, naye akaserereka kidogo juu ya mawe mbele ya waandishi wa habari. Alikuwa anavunja sheria, na alilisema hilo kwa sauti. Jiji lilikuwa limepiga marufuku skeitibodi uwanjani hapo, na polisi walikuwa wakiwafukuza vijana na kuwatoza faini.

Mzee huyo aliitwa Edmund Bacon. Kuanzia 1949 hadi 1970 aliongoza tume ya mipango miji ya Philadelphia, na wazo la uwanja ule alikuwa nalo tangu alipoandika tasnifu yake ya chuo kikuu mwaka 1932. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kulalamika kwamba kazi yake inaharibiwa, ni yeye. Lakini alikuja kusimama upande wa waliofukuzwa.

Nimekaa na habari hii muda mrefu kwa sababu inagusa jambo tunalolijua sote. Mtu mzima akijenga kitu, kisha wadogo wakakitumia kwa namna ambayo yeye hakuipanga, kawaida yake ni kukasirika. Baraza limesakafiwa ili wageni wapumzike, watoto wanalifanya uwanja wa mpira, na jioni inaishia kwa viboko. Bacon aliwaona vijana wakiruka ngazi zilizojengwa ili watu wazikalie, akaona ubunifu mahali ambapo wenzake waliona uhuni. Kwa umri ule, na kwa heshima aliyokuwa nayo, akaiweka mifupa yake hatarini kwa ajili yao. Alifariki miaka mitatu baadaye. Wazee wa namna hiyo ni wachache, na miji yetu inawahitaji.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1965 juu ya maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Jina lake la mitaani lilitokana na sanamu ya Robert Indiana iliyosimama hapo, neno LOVE, yaani upendo, kwa herufi nne kubwa nyekundu. Watu wa maofisini walikula chakula cha mchana hapo, wakaondoka. Vijana wakabaki. Katika miaka ya 1980 na 1990 waligundua kwamba mawe yake laini hayamkwamishi mtu, kwamba kingo zake zina kimo kinachofaa kurukia, na kwamba bamba la sakafu likiinuliwa upande mmoja linakuwa kilima cha kuanzia mruko. Stevie Williams, kijana mweusi wa Philadelphia, alikulia katika mawe hayo hayo, akawa mchezaji wa kulipwa anayejulikana duniani na baadaye mwanzilishi wa kampuni yake mwenyewe.

Dunia iliujua uwanja huo kwa njia ya video. Kwa miongo mingi kijana wa skeitibodi za mitaani hakujenga jina lake kwa kombe wala medali. Mchezo wenyewe uliingia Olimpiki kwa kuchelewa, katika mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021. Kilichompa jina ni kanda. Mmoja anaruka, mwenzake anamfuata juu ya ubao wake, amechuchumaa, kamera karibu iguse ardhi, lenzi pana ikizipinda pembe za picha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama mchana kutwa. Mruko wa sekunde tatu huweza kula siku nzima ya kuanguka, na jambo ninalolipenda kuliko yote katika kanda hizo ni kwamba maanguko mara nyingi hayafichwi. Mtazamaji huonyeshwa kiwiko kinachovuja damu, kisha huonyeshwa mtu yule yule akirudi juu ya ngazi zile zile.

Katika kanda za namna hiyo ndiko mtengenezaji wa filamu Spike Jonze alikojifunzia kazi. Mwaka 1991 alipiga Video Days, kanda ya kampuni ya skeitibodi iitwayo Blind. Mwaka 2014 alipokea tuzo ya Oscar kwa kuandika filamu ya Her. Mark Gonzales, mmoja wa nyota wa kanda ile ya 1991, ni mchoraji na mshairi pia. Ed Templeton, naye mchezaji wa skeitibodi, aliwapiga picha wenzake safarini kwa miaka mingi, hotelini, ndani ya magari, kando ya barabara, na picha hizo leo hutundikwa kwenye majumba ya sanaa. Hakuna chuo kilichowakusanya watu hawa. Waliunganishwa na tabia ya kuitazama kona ya kawaida kwa muda mrefu mpaka ikawaonyesha kitu.

Ndiyo maana hata safari zao si kama za watalii wengine. Barcelona ina jumba la sanaa ya kisasa liitwalo MACBA, lililofunguliwa mwaka 1995. Vijana kutoka kila bara hupanga fedha zao kidogo kidogo wafike hapo, na wengi hukaa nje, kwenye uwanja laini ulio mbele ya mlango. Wanaujua mji kwa miguu na viganja: jiwe lipi ni kali, mteremko upi una mchanga, mlinzi yupi ana huruma. Simdharau anayesafiri kupiga picha mnara maarufu akaenda zake. Lakini namheshimu zaidi yule anayeweza kuniambia jinsi ardhi ya mji mgeni inavyohisiwa chini ya magurudumu.

Filamu iliyonifikisha mbali zaidi katika kuwaza haya ni Minding the Gap ya Bing Liu, iliyotoka mwaka 2018 na kuteuliwa kuwania Oscar. Liu alikulia Rockford, mji wa jimbo la Illinois uliopoteza viwanda vyake, na alikuwa akiwapiga picha marafiki zake tangu ujanani. Mwanzoni unaona vijana wakiteremka barabara tupu, wepesi kama hawana uzito. Kisha kamera inaanza kuuliza kwa nini hawa hawataki kurudi nyumbani. Jibu linakuja taratibu: kila mmoja, akiwemo aliyeshika kamera, alikua katika nyumba ya kipigo. Liu anamketisha mama yake mbele ya taa na kumuuliza kuhusu mume aliyekuwa akimpiga mtoto. Mama anajibu kwa shida, mwana anasikiliza kwa shida, na hakuna anayeondoka. Tena filamu haiwasazi vijana wenyewe. Mmoja wao sasa ni baba, na mama wa mtoto wake anamtuhumu kwamba naye ameanza kupiga.

Sisi hupita kijiweni tukasema vijana hawa wanakwepa kazi. Ni mara chache tunauliza wanakwepa nini hasa. Ubao haukuwaponya vijana wa Rockford, lakini uliwapa mahali pa kukaa pamoja hadi mmoja wao alipopata ujasiri wa kuuliza.

Jambo hili liko karibu nasi pia. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, mtaa wa Kampala, walijijengea uwanja wa skeitibodi wa kwanza Uganda kwa mikono yao na saruji. Mpiga picha Mswisi Yann Gross akafika, akatoa mfululizo wa picha uliobeba jina la mtaa huo mpaka Ulaya. Jijini Nairobi, kituo cha Shangilia, kinacholea watoto waliotoka mitaani na ambacho tangu mwanzo kimewafundisha maigizo na sarakasi, kilipata uwanja wake wa zege mwaka 2013. Waliokianzisha walikuwa watu wa jukwaani, na naamini ndiyo sababu ubao ulipata nafasi pale: hawakuhitaji kuelezwa kwamba mwili wa mtoto unaweza kusema.

Wenye hofu nao wana hoja. Kingo za mawe huvunjika, na bibi aliyekaa kwenye benchi ana haki ya kukaa bila kugongwa. Lakini mwaka 2004 kampuni ya viatu ilipojitolea dola milioni 1 kugharamia matengenezo ya LOVE Park ili vijana waruhusiwe tena, jiji lilikataa. Hapo hoja ya mawe ilikuwa imekwisha. Mwaka 2016 uwanja ulibomolewa ili ujengwe upya, na baadhi ya mawe yake yakavushwa bahari hadi Malmö, Sweden. Malmö ina sekondari iitwayo Bryggeriet ambako skeitibodi ni sehemu ya masomo, na jiji lilishaajiri mtu wa kushughulikia mchezo huo. Kile ambacho Philadelphia ilikitupa, Malmö ilikilipia usafiri.

Madiwani wetu wanapopitisha michoro ya viwanja na stendi mpya, waketi na vijana wa mtaa kabla zege halijamwagwa, wawasikilize wakionyesha kwa kidole wapi wangeruka. Nawe mzazi ambaye mwanao anarudi na magoti yaliyochubuka, kabla hujamgombeza mwombe akuonyeshe alichokirekodi kwenye simu yake, kisha umuulize kwa nini alisimama upande ule alipokirekodi.