Ndege Iliyolala Uwanjani

Watu huniuliza kama roho haikunisuta kupakia chakula ambacho kingine kiliishia kwa wenye bunduki. Nilikuwa mpakiaji Lokichoggio, Turkana, miaka ya tisini, uwanja ule ulipokuwa kituo cha Operation Lifeline Sudan, mpango wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 1989. Kusini mwa Sudan kulikuwa na vita. Sisi tulikuwa na mahindi.

Ndege yetu ilikuwa Hercules. Iliundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya hamsini, na ukiingia tu unajua: vyuma, waya na mikanda, hakuna kilichowekwa kukupendeza. Ilibeba tani 16 hivi, yaani magunia 320 ya kilo 50. Kila gunia tulilivika gunia jingine, kwa sababu hakukuwa na parachuti. Rubani alishuka chini, akainua pua ya ndege, mlango wa nyuma wazi, mkanda ukakatwa, mzigo ukateleza wenyewe. Gunia la ndani likipasuka, la nje linashika nafaka.

Sasa, nani aliokota? Wakati mwingine wapiganaji. Au walimwacha mama apewe fungu lake, kisha wakaja kudai "mchango". Jambo hilo halikuwa siri. Mzee mmoja wa Kiturkana tuliyepakia naye alikuwa akisema, "Mimi nabeba gunia, sibebi tumbo la mtu." Tulicheka, lakini sikukubaliana naye, na hata leo sikubali. Ukijua mzigo unakokwenda, umeubeba mpaka huko.

Haya, tufuate hoja hiyo mpaka mwisho. Februari 1998, baada ya mapigano ya Wau, serikali ya Khartoum ilizuia ndege za msaada kwenda Bahr el Ghazal. Magunia ya kule yakabaki chini. Hakuna askari aliyekula punje kutoka mikononi mwetu siku zile. Tulikuwa safi jamani, safi ya kutisha, na huko njaa inaua watu. Wanaoniuliza huitazama ndege inayoruka tu. Ile iliyolala uwanjani hawaihesabu, kama vile kulala kwake hakukuwa uamuzi wa mtu. Mimi naihesabu, na hesabu yake ndiyo nzito zaidi.

Marufuku ilipolegezwa tuliitwa alfajiri. Mzee alikuwa ameshafika, kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi, anahesabu magunia.