Mtoto na Wembe

Wazee walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Maana ya methali hii ni nyepesi kufahamika. Asiyesikia onyo atafunzwa na maumivu, na kovu la kidole ni mwalimu asiyesahauliwa. Kwa mambo mengi ya dunia methali hii ni ya haki, maana mkono ulioshika wembe ndio mkono ukatwao. Lakini uko wembe mwingine ambao haumkati aushikaye. Humkata jirani yake, na pengine mtoto wa jirani ambaye bado hajazaliwa. Je, wembe wa namna hii yafaa kumpa kijana? Hilo ndilo swali la insha hii.

Wembe nisemao ni elimu ya uhandisi wa viumbe. Mhandisi wa majengo hutumia mawe na chuma. Mhandisi wa viumbe hutumia uhai wenyewe. Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, zamani ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walitia jeni ya mwanadamu ndani ya bakteria, na vijidudu vile visivyoonekana kwa macho vikafanywa watumishi wa kuitengeneza. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kutumiwa, na tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika. Leo elimu hii imeshuka kutoka vyuo vikuu mpaka madarasa ya sekondari. Kijana wa miaka kumi na sita aweza kufundishwa jeni ni nini, husomwaje, na hubadilishwaje.

Yamkini msomaji wa Kisii au Nyamira atasema kwamba haya ni mambo ya mbali. La hasha. Hakuna watu wa Kenya ambao habari ya kisu na uhai ni jirani kwao kuliko Wagusii. Tangu zamani walikuwako kwao mafundi walioitwa ababari, na mmoja wao omobari, waliojua kupasua kichwa cha mtu aliye hai. Mtu aliyepigwa kichwani, akaumwa kwa muda mrefu bila nafuu, alipelekwa kwa fundi huyo. Fundi alifungua ngozi ya kichwa, akakwangua mfupa wa fuvu uliopasuka, akauondoa kidogo kidogo, kisha akatibu jeraha. Wagonjwa wengi walipona. Madaktari wa kigeni walistaajabu, na mwaka 1958 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala juu ya ustadi huo. Siku hizi mahali pa mgonjwa wa namna ile ni hospitalini, lakini funzo lililomo katika kazi ya ababari halijazeeka.

Funzo lenyewe ni hili. Chini ya mfupa wa fuvu iko ngozi nyembamba ifunikayo ubongo. Fundi aliyeipasua ngozi ile alimweka mgonjwa wake katika hatari ya kufa. Kwa hiyo ustadi wa omobari haukuwa katika kukata tu, maana kukata hata mlevi aweza. Ustadi wake ulikuwa katika kujua mahali pa kukomea. Na hakuujua kwa kupewa wembe alipoulilia. Aliujua kwa kukaa kando ya fundi mkubwa, akitazama na kusaidia, mpaka mkono wake ukapata utulivu na moyo wake ukapata hofu iliyo njema. Wazee hawa hawakumnyima kijana kisu, wala hawakumtupia. Walimfundisha.

Sasa na tutazame hoja za wale wasemao kwamba elimu ya kugeuza viumbe isifundishwe shuleni.

Hoja ya kwanza ni kwamba kijana hajakomaa. Ana haraka, ana tamaa ya kujaribu, na hana mazoea ya kufikiri juu ya matokeo ya mbali. Hoja hii ina kweli ndani yake, lakini inasahau jambo moja kubwa, nalo ni kwamba wembe tunaotaka kumficha kijana amekwisha kuushika. Nitoe mfano wa mgomba, mmea ambao hakuna mwenyeji wa vilima vya Gusii asiyeujua.

Mwaka 2001 uligunduliwa nchini Uganda ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kenya. Majani hulegea na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na mgomba ukikatwa hutoka utomvu wa manjano. Wadudu waliao katika ua la mgomba huuchukua ugonjwa huu kutoka shamba hadi shamba. Lakini mchukuzi mwingine ni panga. Mtu hukata mgomba mgonjwa, kisha kwa panga lile lile hukata mgomba mzima, na kwa pigo hilo moja huwa amepanda mauti. Kinga yake si ya gharama kubwa: ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa ya madoa, mgomba mgonjwa ung'olewe, na machipukizi ya kupanda yatoke mahali palipo safi.

Fikiri basi habari ya kijana anayetumwa na mama yake kukata majani ya mgomba jioni. Hakujua lolote, wala hakutaka kudhuru. Hata hivyo, panga lililo mkononi mwake ni chombo cha kusambaza uhai na mauti ya viumbe visivyoonekana. Kutojua kwake hakukuliokoa shamba la jirani. Twaweza kusema kwamba kijana huyo hana hatia, na tutakuwa tumesema kweli. Lakini jirani atakosa chakula vile vile. Katika kaunti ya Kisii, ambako hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860, zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na katika Nyamira yenye watu 605,576, mashamba yamebanana na mpaka kati ya mtu na mtu mara nyingi ni ua wa miti tu. Mahali kama hapo, ujinga wa mmoja ni hasara ya wengi.

Tena, nani alisema kwamba umri peke yake huleta busara? Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha jeni za watoto kabla hawajazaliwa. Dunia nzima ilishtuka, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Huyu hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa mtu mzima na mwalimu wa chuo kikuu. Hakukosa elimu ya mkono. Alikosa elimu ya mahali pa kukomea. Kwa upande mwingine, mwaka 1975 wataalamu wa elimu hii hii walikutana Asilomar, California, wakajiwekea mipaka wao wenyewe kabla madhara hayajatokea. Kilichowatofautisha na yule wa baadaye si miaka ya umri, bali ni mazoea ya kujiuliza.

Hoja ya pili ni ya wacha Mungu. Husema kwamba kuumba ni kazi ya Muumba, na mwanadamu asitie mkono. Hoja hii yataka heshima, wala haifai kuchekwa. Lakini tuutazame tena mgomba wetu. Ndizi tulazo hazina mbegu iwezayo kuota. Mababu wa wanadamu waliuchagua mmea wa namna hiyo maelfu ya miaka iliyopita, wakaupanda kwa machipukizi, wakautunza mpaka leo. Bila mkono wa mtu, mgomba huu ungalikwisha kupotea. Kumbe swali si kama mtu atie mkono katika viumbe au asitie. Ametia tangu alipoanza kulima. Swali ni kwa nia gani, kwa kipimo gani, na kwa hasara ya nani. Anayemcha Mungu ana haki ya kuuliza maswali hayo kwa sauti kubwa kuliko wote, na ili ayaulize vema yampasa kujua jambo analoliuliza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kwangu, nayo yahusu haki. Siku hizi iko migomba inayokuzwa katika maabara kwa njia ya tishu. Ncha ndogo ya chipukizi hukatwa, husafishwa, huwekwa katika chupa yenye chakula cha mimea, nayo huzaa miche mingi iliyo safi, isiyo na fukusi wala minyoo ya mizizi. Miche hiyo ilianza kupelekwa kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990, na faida yake ni kubwa. Lakini mche wa maabara hununuliwa, na chipukizi la jirani hutolewa bure. Bibi anayemng'olea mkwewe chipukizi hampi mmea tu. Ampa mkono wa udugu. Je, elimu yetu ije kuuvunja udugu huo na kumfanya maskini mnunuzi wa kile alichokuwa akipewa?

Tena iko hatari ya usawa uliopita kiasi. Miche ya chupa moja hufanana kama mtu na kivuli chake, na adui amwezaye mmoja awaweza wote. Zamani ndizi iliyouzwa sana duniani iliitwa Gros Michel. Ugonjwa wa kuvu wa udongoni uliyateketeza mashamba yake ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara walikuwa wameiacha wakashika Cavendish. Sasa aina mpya ya ugonjwa ule ule inaiwinda Cavendish, na mwaka 2013 ilithibitishwa Msumbiji, katika bara letu.

Siwezi kusema kwamba hoja hii ina jawabu jepesi. Nasema tu kwamba haijibiwi kwa ujinga. Kenya ilitunga sheria ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni mwaka 2009. Mwaka 2012 serikali ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya namna hiyo. Mwaka 2022 ikaiondoa marufuku hiyo, na kesi zikafuata mahakamani. Katika mabishano hayo yote mwananchi wa kawaida alisikia kelele nyingi za hofu na nyingi za sifa. Asiyejua jeni ni nini hawezi kupima kelele yo yote; atamfuata mwenye sauti kubwa. Mkulima anayejua aweza kuchanganya aina za migomba shambani mwake ili asife njaa kwa ugonjwa mmoja. Mjukuu anayejua aweza kumwambia bibi yake kwa adabu, "Bibi, tuukague kwanza mgomba huu kabla hujamng'olea shangazi." Udugu haujavunjika hapo. Umeongezewa uangalifu.

Hapa ndipo nionapo kiini cha jambo. Elimu hii ni zawadi, lakini ni deni pia. Jana ulitoa chipukizi kwa moyo safi, na moyo safi ulitosha. Leo umejifunza kwamba chipukizi laweza kubeba ugonjwa, na moyo safi hautoshi tena. Aliyejua akanyamaza amedhuru, hata kama mkono wake haukugusa kitu. Je, ni haki kumtwika kijana deni kama hilo? Naamini ni haki, maana tusipomtwika yeye ulijue, gharama yake italipwa na jirani asiyeulizwa.

Somo la kwanza la elimu hii halihitaji nyumba ya vioo. Ndizi mbivu hupondwa, huchanganywa na maji, chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, huchujwa kwa kitambaa, kisha spiriti baridi humiminwa taratibu juu yake. Nyuzi nyeupe hupanda na kuelea kama utando. Hiyo ndiyo DNA, maandiko ya uhai wa mgomba. Mwanafunzi aionapo kwa mara ya kwanza hujawa na furaha, na yafaa afurahi. Lakini mwalimu mwema hatamwacha atoke darasani na furaha peke yake. Atamtaka ajiulize maswali matatu kabla ya kugusa kiumbe cho chote: Nani atafaidika? Nani atabeba hasara nikikosea? Na je, kosa langu laweza kurudishwa? Mwanafunzi aliyezoea maswali haya mbele ya ndizi hatayasahau atakapokuwa mbele ya mtu.

Kwa hiyo narudi kwenye methali. Mtoto akiulilia wembe huu, tusimpe ili ajikate apate akili, kwa sababu atakayekatwa si yeye. Wala tusimnyime, kwa sababu mwingine uko mkononi mwake tayari, na haujui. Tumkalishe kando yetu kama omobari alivyomkalisha mwanafunzi wake, atazame, aulize, ashike kwa zamu, mpaka ajue mfupa unaishia wapi na ile ngozi nyembamba inaanzia wapi.