Kaa Chini Kwanza, Upige Hesabu

Somo la wiki: Luka 14:25–33

Njiani kuelekea kigango chetu cha mbali kuna pagale ninalolipita kila mwezi. Kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zikiwa na kutu, na mpapai umeota katikati ya mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Mchana mbuzi huingia humo kujikinga na jua. Siku moja nilisimama hapo na fundi mzee wa kigango, nikamuuliza ilikuwaje. Hakumcheka mwenye nyumba. Alisema tu, "Padre, alihesabu tofali. Hakuhesabu kupaua."

Tangu siku hiyo, kila ninapofungua Luka 14 namkumbuka fundi yule. Yesu yuko safarini kwenda Yerusalemu, na umati mkubwa unamfuata. Mhubiri mwingine angeufurahia umati ule. Yeye anageuka na kuwaambia wapige hesabu. Anawatajia mtu anayetaka kujenga mnara, na mfalme mwenye askari elfu kumi anayejiwa na adui mwenye elfu ishirini. Wote wawili wanapaswa kuketi kwanza. Kisha Bwana anamalizia kwa neno zito: asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake.

Hapo hesabu inageuka. Mjenzi hukaa chini ili ajue kama alicho nacho kinatosha. Mfuasi hukaa chini ili ajue kama yuko tayari kukiachilia. Ndiyo maana mbele ya Yesu tajiri na maskini wanatajiwa bei moja. Hakuna atakayesema amepungukiwa, kwa sababu hakuna aliyeulizwa ana kiasi gani.

Tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Tumezoea kuwatazama wakiwa tayari katikati ya moto wa Namugongo. Leo nawaomba turudi nyuma kidogo, kwenye saa ile walipopiga hesabu.

Tarehe 15 Novemba 1885, Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana watumishi katika jumba la mfalme, yaani kabaka, aliuawa. Alikuwa amemkemea Kabaka Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Mwanglikana James Hannington mwezi uliotangulia, na alikuwa akiwalinda vijana wake dhidi ya tamaa za kabaka. Siku hiyohiyo kijana mmoja mkatekumeni alikwenda misheni kuomba ubatizo. Jina lake Karoli Lwanga. Hakuna aliyehitaji kumweleza ufuasi unagharimu nini. Damu ya Mukasa ilikuwa haijakauka. Alibatizwa, akashika nafasi ya Mukasa ya kuwalinda vijana wale wale, akijua vizuri nafasi hiyo ilimfikisha wapi mwenzake. Huyo alihesabu mpaka kupaua.

Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Mei 1886, hasira ya kabaka iliwaka. Usiku mmoja huko Munyonyo, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni wanne: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Asubuhi kabaka aliwaamuru wanaosali wajitenge na wasiosali. Vijana wale walitembea hatua chache tu za uani kwenda kusimama upande wa wanaosali. Ahadi yao yote ilikuwa katika hatua hizo.

Nimtaje zaidi Mbaga Tuzinde, maana kwake gharama ilikuwa na sura ya mtu. Alikuwa wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wanyongaji wa kabaka, aliyemlea kama mwanawe. Mukajanga alimsihi akane, ama akubali tu kufichwa. Fikiri kijana wa miaka kama 17, tayari kufa, na anayemlilia asife ndiye aliyemlea, naye ndiye mwenye kusimamia kifo chake. Mbaga alikataa kujificha. Aliuawa kwa pigo la shingoni kabla mwili wake haujatiwa motoni, labda huo ukiwa ndio upendo pekee uliobaki mikononi mwa mlezi wake.

Sasa tunaelewa kwa nini, katika somo hilihili, Bwana alisema habari ya kumchukia baba na mama. Hakufuta amri ya kuwaheshimu wazazi. Kwa usemi wa Kiebrania, kuchukia hapo ni kuweka katika nafasi ya pili, na Mathayo 10:37 inaeleza hivyo waziwazi. Mbaga hakuacha kumpenda mlezi wake. Alikataa tu kumpa nafasi ya Mungu. Mara nyingi kinachotushinda si kitu kibaya. Ni kitu chema kinachodai kiti kisicho chake: kazi, ukoo, mtoto, jina zuri mtaani.

Wengi wetu hatutaombwa kuingia motoni. Sisi tutadaiwa kidogo kidogo, kwa miaka. Katika jumuiya yetu moja yupo mama ambaye mumewe alipooza miaka tisa iliyopita. Alfajiri huchemsha maji, humgeuza, humwogesha, humlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kila mara. Siku ya ndoa yao watu walipiga vigelegele. Asubuhi hizi hakuna wa kumpigia vigelegele. Nilipomuuliza anapata wapi nguvu, alinijibu, "Padre, kila siku naanza upya." Siku ya harusi aliweka msingi. Sasa anapaua.

Yupo pia mhasibu anayeletewa stakabadhi ya uongo aisaini, huku ada ya watoto ikimngoja nyumbani. Yupo kijana anayeachwa na marafiki kwa sababu amekataa njia yao. Hawa nao wanatembea zile hatua chache za uani.

Lakini najua baadhi yetu tunaposoma haya tunaliona pagale letu wenyewe. Tuliahidi kwenye kipaimara, kwenye ndoa, kwenye nadhiri, kisha tukaishia kwenye lenta. Basi mkumbuke Petro. Alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa. Na ufukoni, mbele ya moto mwingine wa makaa, Bwana alimuuliza mara tatu kama anampenda. Anayetudai vyote alikuwa yeye mwenyewe njiani kwenda Yerusalemu kutoa vyote. Hajengi nasi kwa akiba yetu peke yake.

Wiki hii tafuta nusu saa, ukae chini. Chukua karatasi, uandike jambo moja tu ambalo hukulihesabu ulipoahidi, lile ambalo sasa linakuchosha. Usiandike mengi. Ipeleke karatasi hiyo mbele ya Sakramenti, useme kwa sauti: hili nalo ni lako.

Nilipoagana na fundi yule pale barabarani, aligonga ukuta wa pagale kwa kiganja, akasikiliza, kisha akasema, "Ukuta bado mzima huu. Mwenyewe akirudi, unapaulika."