Je, Kusitiri ni Kudanganya?

Liko swali ambalo yafaa tulipime. Mtu atundikaye pazia nyumbani mwake, je, awadanganya wageni? Wako wasemao kwamba mwenye moyo mweupe hana la kuficha.

Kwanza tuvitazame vitu vyenyewe. Huku Ugogo, upepo wa kiangazi unapovuma na vumbi lake, wengi huangika kanga kwenye kamba ili kugawanya chumba. Kanga ina pindo na maua, tena ina jina, yaani maneno yake, ambayo hapo kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kabla ya mwaka 1960 kanga nyingine zilichapishwa Japani. Na Wajapani wenyewe wana viwambo vya kukunja, viitwavyo byobu, maana yake kinga ya upepo. Asili yake ni China. Mara nyingi kiwambo kina vipande sita vya karatasi au hariri, vilivyoungwa kwa bawaba za karatasi, na viwambo viwili hufanywa jozi, kama doti ya kanga. Mafundi huvipamba kwa rangi na dhahabu, na wenye mkono mzuri huandika mashairi kwa wino, toka kuume kwenda kushoto.

Basi, tufikiri. Mdanganyifu huficha, kisha huficha kwamba ameficha. Pazia si hivyo; lasema waziwazi, "Hapa pana mpaka." Mgeni ajua kwamba nyuma yake yuko mtu, labda mgonjwa, labda mama anyonyeshaye. Hakuambiwa uongo; ameheshimiwa, na aliye ndani amesitiriwa. Hata kiwambo cha Kijapani husimama kwa sababu ya mikunjo yake. Kikinyoshwa chote, huanguka.

Lakini maandishi huleta deni. Kanga ikinena upendo mbele ya wageni, na nyuma yake mke apigwa, kitambaa hakina kosa. Mwongo ni yule aliyekitundika. Tena pazia huzuia macho, halizuii masikio. Jirani asikiaye kilio asiseme, "Hayo ni ya ndani." Sitara ni ya unyonge wetu, si ya uovu wetu.

Kwa hiyo tuangike mapazia yetu bila haya, na mazuri kadiri tuwezavyo. Ila kila mwenye nyumba na ayasome maneno yaliyoandikwa juu yake kabla mgeni hajayasoma.