Sinia Moja: Tunahifadhi Chakula au Tunahifadhi Jamaa?

Ndugu zetu Waislamu, malalamiko tuyasikiayo mara kwa mara mabarazani ni kwamba mila za wazee zinakufa. Na ushahidi unaotolewa aghlabu ni wa chakula. Husemwa kwamba zamani nyumba nzima ilikaa mkekani kwa sinia, wanaume kwao na wanawake kwao, na leo kila mtu ana sahani yake na saa yake, na mkono wake wa kushoto umeshika simu. Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini kabla ya kulia, yafaa tujiulize: ni kitu gani hasa kilichokuwamo katika sinia lile, ambacho kikipotea tutakuwa tumepata hasara?

Wako wanaodhani ni chakula chenyewe: muhogo wa nazi wa futari, kaimati, pilau ya Idi. Sivyo. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Muhogo haukuwako. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno, ambao hawakufika Mombasa ila mwaka 1498. Basi muhogo tunaouita wa mababu, mababu waliomwona Ibn Battuta hawakupata kuuonja. Vyakula vimebadilika, na watu wakaendelea kuwa jamaa. Anayehifadhi mapishi peke yake amehifadhi ganda.

Kiini ni kingine. Umar bin Abi Salama, mtoto aliyefiwa na babake akalelewa katika nyumba ya Mtume s.a.w., amehadithia kwamba alipokuwa mdogo mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani. Mtume s.a.w. akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Naye akasema kwamba tangu hapo hakuacha kula hivyo. Tazameni basi: mafunzo ya mlo mmoja, aliyofunzwa yatima mmoja, yamepokewa na Bukhari na Muslim, na yangali yakisomeshwa vyuoni mwetu mpaka leo. Hatukuambiwa siku ile kulipikwa nini. Chakula kimesahauliwa, kilichobaki ni adabu, na huruma ya mkubwa kwa mdogo.

Hiyo ndiyo kazi ya sinia. Mtoto alapo pamoja na wakubwa hujifunza kutouvuka mpaka wa mwenzake. Humsikia bibi akimtaja aliyekufa na kumwombea rehema. Hujua fulani ni mjomba wake kwa njia gani, na ana haki gani juu yake. Asiyewajua jamaa zake atawaungaje?

Hatusemi kwamba kula peke yako ni dhambi. Aya ya 61 ya Suratun Nur imeruhusu kula pamoja na kula mbalimbali, nasi twajua kwamba ziko nyumba ambazo baba yuko zamu ya usiku bandarini na mtoto yuko skuli. Lakini aya hiyo hiyo imezihesabu nyumba ambazo hapana ubaya mtu kula ndani yake: za baba, za mama, za ndugu, za ami, za shangazi, za wajomba na za khalati. Katika hizo, ni ngapi tulizoingia tukala mwaka huu? Na zile tusizoingia, kinachotuzuia ni umbali wa njia, au ni ugomvi wa shamba la urithi?

Wala si kila mlo wa pamoja ni mila ya kuhifadhiwa. Iko karamu ya matanga na arubaini inayopikwa kwa mali ya maiti kabla haijagawanywa, hali ameacha watoto wadogo. Watu hula wakashiba, wakasema marehemu amekumbukwa, na mjane akabaki na deni la mchele dukani. Ja'far bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijria, Mtume s.a.w. aliamrisha wafiwa ndio wapikiwe chakula. Sisi tumeigeuza amri hii juu chini, kisha tukaiita heshima. Yatima yule alilishwa na kufunzwa; yatima wetu tunamlia mali yake.

Basi rai yetu ni nyepesi. Kila nyumba ijiwekee mlo mmoja kwa wiki usiokosekana, hata ukiwa ni chai na mkate wa mofa. Simu ziwekwe kando, mzee aulizwe, na watoto wamsikilize. Na aitwe yule jamaa tuliyenuniana naye. Kama tumemdhulumu, arudishiwe haki yake kwanza, kisha aketi mahali pake mkekani. Maana sinia lililojaa nyama, likakosa ndugu kwa dhulma yetu, haliwezi kuitwa sinia la wazee.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwaunga jamaa zetu wangali hai. Amin.