Samaki Asiyeliwa Ana Haki Gani?

Ndugu zangu, tukizungumzia mazingira kwenye darsa, upesi tunafika kwenye neno khalifa, na mjadala unaishia hapo. Mimi nina swali gumu zaidi: kiumbe ambaye hakuna anayemla wala kumwona, ana haki yoyote juu yetu?

Tuchukue Ziwa Tanganyika, tunalolitazama kila siku hapa Rumonge. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, lakini upande wetu wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Mamia ya aina za samaki na konokono wasiopatikana kwingine duniani wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa juu, wengi miambani karibu na ufuko. Na hapo ndipo udongo wa milima iliyokatwa miti unapotua kila masika, ukafunika mwani ambao ni chakula chao.

Wapo wanaosema: vyote tumetiishiwa sisi, basi tulinde kinachotufaa. Lakini nani anajua kinachotufaa? Lile giza lisilo na samaki ndilo ghala la rutuba ya ziwa. Upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma, maji yanachanganyika, rutuba inapanda, na mwishowe ndagala wanapata chakula. Ziwa likizidi joto, maji hayachanganyiki vizuri. Moshi wa viwanda vya mbali unafika hadi kwenye sahani ya mama yako.

Hata hivyo hoja ya faida hainitoshi. Suratul An'am, aya ya 38, inawaita wanyama umma kama sisi, bila sharti la kutufaa. (Aya inataja wa ardhini na ndege, sioni kwa nini wa majini watolewe.)

Na mvuvi anayevuta chandarua ufukweni, akazoa hata vifaranga? Siwezi kumwita dhalimu mtu ambaye watoto wake hawajala. Mafakihi wanaikubali dharura, ila wameiwekea mpaka, na mpaka huo unategemea kama ana njia nyingine. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uamuzi mzuri, lakini miezi mitatu bila kipato ni mirefu. Kwa maoni yangu fungu la mafukara na masikini katika zaka linamhusu mvuvi huyo kabisa, na kamati za misikiti ya ufukweni zinaweza kuandika majina kabla uvuvi haujafungwa.